Kupandisha toleo la mfumo wa biashara uliorekebishwa: ubebe vyote, uchambue, au uanze upya?

Mfumo wa kuendeshea biashara (ERP, programu inayoshika pamoja mauzo, hesabu, ghala na manunuzi) ambao haujaguswa na mtu tangu uwekwe hupanda toleo jipya bila tabu kubwa. Unachukua bekapu, unajaribu pembeni, unapandisha, kazi inaendelea. Mifumo ya namna hiyo ni michache. Mingi, hasa iliyodumu miaka 7 au 10, imetiwa mkono: mmoja aliongeza sehemu ya kujaza kwenye ankara, mwingine akaandika ripoti ya mkurugenzi, wa tatu akabadilisha namna punguzo linavyokokotolewa, kisha akaacha kazi bila kuandika popote alichofanya. Sasa toleo hilo linakaribia kuishiwa msaada wa mtengenezaji, na swali liko mezani: tunapandishaje?

Mara nyingi swali hili hujibiwa na anayeuza kazi. Fundi aliyezoea kujenga upya atashauri kujenga upya, na aliyezoea kuhamisha atasema kila kitu kinahamishika. Ulinganisho huu ni wa mwenye mfumo, ili akikaa nao awe anazijua njia zenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wengi naipendelea njia ya katikati, ya kuhama huku ukichambua. Lakini haimfai yeyote ambaye bado hajaorodhesha alichorekebisha, na mtu huyo hafai kuchagua njia yoyote kwa sasa.

Marekebisho hayafanani

Neno "marekebisho" linafunika vitu vinne ambavyo kwenye safari ya kupanda toleo havina gharama sawa.

Cha kwanza ni mipangilio: viwango vya kodi, ngazi za idhini, masharti ya malipo, chochote ulichochagua kupitia skrini za mfumo wenyewe. Mtengenezaji anaijua, na kwa kawaida inavuka salama. Cha pili ni sehemu za kujaza na ripoti zilizoongezwa. Data yake huvuka, ila ripoti hukatika pale majedwali inayoyasoma yanapobadilishwa. Cha tatu ni moduli au viendelezi, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa pembeni, vinavyoutumia mfumo bila kuuvunja ndani. Cha nne, ambacho hula fedha kuliko vingine, ni msimbo (maandishi ya programu) wa mtengenezaji mwenyewe uliofunguliwa na kubadilishwa.

Kila mfumo una alama zake za kutambua hivi. Kwenye SAP, mfumo wa kampuni ya Ujerumani yenye jina hilohilo, vitu vilivyotengenezwa na mteja hupewa majina yanayoanza na Z au Y ili visigongane na vya kampuni, kwa hiyo kuvihesabu ni kazi nyepesi. Aliyegusa msimbo wa SAP wenyewe atakutana na orodha za SPDD na SPAU wakati wa kupandisha: ya kwanza inamletea mabadiliko yaliyofanywa kwenye miundo ya data, ya pili yaliyofanywa kwenye programu. Kila mstari hapo unadai uamuzi: kurudi kwenye asili, au kufanya upya ulichofanya zamani.

Dynamics AX, mfumo wa Microsoft, ilikuwa na matabaka. Mtengenezaji alikaa kwenye tabaka la SYS, mteja akaandika juu yake kwenye CUS au USR, na lililo juu ndilo lililofanya kazi. Waandishi wa msimbo walifurahia uhuru huo, na wenye mifumo wakaulipia kila toleo jipya lilipotoka. Mwaka 2018 Microsoft iliufunga mlango huo kwenye mrithi wake, Dynamics 365: msimbo wa ndani hauandikwi juu tena, unaruhusiwa viendelezi tu. Ndiyo maana aliyejaza tabaka la CUS hawezi "kupandisha" kwenda huko kwa maana ya kawaida ya neno. Anaandika upya, apende asipende.

Na viendelezi navyo si kinga kamili. Watumiaji wa Odoo, mfumo mwingine wa aina hii, wanalikumbuka toleo la 13, la mwaka 2019, lililoiingiza ankara ndani ya jedwali moja na maingizo ya leja (daftari kuu la hesabu). Jedwali la account.invoice likaondoka, kazi yake ikahamia account.move. Moduli iliyoandikwa kwa ustadi wote, pembeni, bila kugusa kiini, ilijikuta haina pa kushika kwa sababu kitu ilichokishika hakipo tena. Kwa hiyo ukiambiwa "yetu yote ni viendelezi, hakuna shida", uliza vinashika wapi.

Orodha kwanza

Fungua jedwali la kawaida na uandike kila rekebisho kwa mstari wake: linafanya nini, nani analitumia, lilitumika lini mara ya mwisho, liliombwa kwa sababu gani, na je toleo jipya lina kitu kinachofanya kazi hiyohiyo. Safu ya "kwa sababu gani" ndiyo itakayokusumbua, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Rekebisho lisilo na sababu inayojulikana huogopwa na kila mtu, hivyo hubebwa toleo hata toleo.

Usitegemee kumbukumbu za watu peke yake. Mtu atakuambia ripoti fulani ni ya lazima kwa sababu tu aliikuta alipoajiriwa. Mifumo mingi inaweza kurekodi kinachoitwa na kisichoitwa. Kwenye SAP chombo cha SCMON hufanya hivyo kwa msimbo wenyewe. Kiwashwe mapema iwezekanavyo. Rekodi ya miezi 3 haitaionyesha programu ya kufunga mwaka, na hapo ndipo watu hufuta kitu ambacho mhasibu atakitafuta Desemba kwa machozi. Mwaka mzima wa rekodi ni bora. Ukiukosa, kaa na wahasibu mpitie kalenda yao ya mwaka, kazi moja baada ya nyingine.

Njia zenyewe

Kubeba vyote: hifadhidata ileile inageuzwa kuwa ya toleo jipya, na marekebisho yote yanarekebishwa ili yaendelee kufanya kazi kule. Mtumiaji anaamka na mfumo anaoutambua.

Kuanza upya: mfumo mpya unawekwa mtupu, taratibu za kazi zinapangwa tena kwa kufuata kile mfumo unachotoa, na data inaingizwa kwa kuchaguliwa.

Kuchambua: unahamisha sehemu kubwa ya kilichopo, lakini kila rekebisho linapita mlangoni. Mengine yanaachwa, mengine yanabadilishwa na kazi iliyo tayari kwenye toleo jipya, na machache yanayobaki yanatolewa ndani ya kiini na kuandikwa pembeni kama viendelezi.

Ya nne ni kubaki ulipo. Nitaifikia mwishoni, maana watu wengi wako kwenye njia hiyo bila kujua kuwa wameichagua.

Fedha: ya leo na ya kila mara

Kubeba vyote kunaonekana rahisi kwa bei ya kuanzia kwa sababu hakuna usanifu mpya. Gharama yake imejificha kwenye kupima. Kila rekebisho lililobebwa lazima lijaribiwe, hata lile linalotumiwa na mtu mmoja mara mbili kwa mwaka. Kisha bili hiyo inarudi. Odoo hutoa toleo kubwa kila mwaka na kuhudumia kila toleo kwa miaka 3, kwa hiyo mwenye moduli 40 za kwake atakaa mezani tena muda si mrefu, na moduli zilezile 40 zikiwa mkononi. Huduma ya kupandisha anayoitoa mtengenezaji isikupe matumaini kupita kiasi: inageuza hifadhidata na moduli za kawaida, lakini msimbo ulioandikiwa wewe, usipokuwa na mkataba wa matunzo unaoutaja, ni mzigo wako.

Kuanza upya kunalipwa mwanzoni, na sehemu kubwa ya malipo hayo haionekani kwenye makadirio ya fundi. Ni muda wa watu wako. Mkuu wa ghala, mhasibu mkuu na mtu wa manunuzi watakaa vikaoni kwa miezi, na hao ndio haohao wanaoendesha biashara. Ukipokea makadirio ya kuanza upya yasiyotaja saa za wafanyakazi wako, rudisha na uombe yaandikwe tena.

Kuchambua kunakaa katikati leo, ila faida yake inaonekana kwenye safari ijayo. Ukitoka na marekebisho 12 yaliyoandikwa pembeni na kuelezwa vizuri badala ya 90 yaliyozama ndani, toleo linalofuata litakuwa kazi ya majuma, wala si mradi wenye kamati. Ukitaka kulinganisha kwa haki, usilinganishe bei ya safari hii pekee. Weka safari mbili kwa kila njia ndipo uone ipi ni nafuu.

Data

Hapa kubeba vyote kuna nguvu ya kweli. Historia yote inakuja: mauzo ya miaka yote, bei za zamani, mwenendo wa kila mteja. Kwa biashara inayotabiri mahitaji kutokana na miaka iliyopita, au inayotoa dhamana ndefu kwa bidhaa zake, hilo si jambo dogo.

Anayeanza upya kwa kawaida huhamisha kumbukumbu za msingi (wateja, wasambazaji, bidhaa), salio za leja, ankara ambazo hazijalipwa na mali iliyopo ghalani. Historia hubaki kwenye mfumo wa zamani kwa ajili ya kusomwa tu. Sawa, lakini nani ataitunza seva hiyo? Leseni yake itaendelea kulipwa kwa miaka mingapi? Sheria ya kodi inayokuhusu inadai kumbukumbu za muda gani? Maswali haya matatu husahaulika mpaka mkaguzi anapobisha hodi.

Usidhani kubeba vyote kunakuepusha na usafi. Anayetoka SAP ECC, kizazi cha zamani cha SAP, kwenda S/4HANA, kizazi kipya, lazima kwanza awageuze wateja na wasambazaji wake kuwa rekodi za aina moja, ile ya Business Partner, na hapo wale wateja walioandikwa mara tatu kwa tahajia tatu wanajitokeza wote. Namba ya bidhaa nayo kule imeongezwa urefu kutoka herufi 18 hadi 40. Ni badiliko dogo kwa macho, lakini kila programu ya kwako na kila faili la kubadilishana data na mfumo mwingine, kama iliandikwa kwa kudhani 18, inahitaji kutazamwa.

Kwa njia yoyote utakayochukua, kipimo cha data ni kimoja, na naomba usikubali kingine. Urari wa leja, umri wa madeni na thamani ya mali ghalani vitolewe kwenye mfumo wa zamani na mpya kwa tarehe moja, vilingane mpaka senti ya mwisho, na mhasibu mkuu atie saini. Kauli ya "tofauti ni ndogo" isipite. Tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayofichana.

Watu, na marekebisho yanayorudi kwa mlango wa nyuma

Kubeba vyote ndiko kunakowasumbua watumiaji kidogo kuliko njia nyingine, na kuna mashirika ambayo kwa wakati fulani hayawezi kuvumilia usumbufu mwingine. Naheshimu sababu hiyo.

Kuanza upya kunawaambia watu wabadilishe namna ya kufanya kazi. Ahadi ya "tutafuata mfumo ulivyo" hutamkwa kwa furaha siku ya uzinduzi. Mwezi wa nne idara ya fedha inasema haiwezi kufunga hesabu bila skrini yake ya zamani, mwezi wa sita ghala nalo linaomba, na taratibu mfumo wa jana unajengwa tena ndani ya mfumo wa leo, kwa bei ya mpya.

Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, iliacha SAP na kuingia Oracle, mfumo wa kampuni shindani, mwezi Aprili 2022. Lengo lilikuwa kutumia mfumo ulivyo. Badala yake ulirekebishwa, na sehemu ya kupatanisha hesabu za benki, iliyotengenezwa maalumu, haikufanya kazi sawasawa. Halmashauri ikashindwa kujua hesabu zake zimesimama wapi. Bajeti iliyoanza na pauni milioni 19 ikapita milioni 100, na baadaye ikaamuliwa mfumo usimikwe tena, safari hii karibu kabisa na ulivyotengenezwa. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maduka ya vyakula, nayo ilianza mradi wake wa SAP mwaka 2011 na kuusimamisha 2018, baada ya kutumia kiasi kilichoripotiwa kufikia karibu euro milioni 500. Kati ya mambo yaliyotajwa ni kwamba kampuni ilithamini mali yake kwa bei ya kununulia, ilhali programu ilijengwa kwa bei ya kuuzia, na iliyolazimika kubadilishwa ikawa programu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kuanza upya, tafuta mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa idara yoyote, na ambaye ataendelea kuwepo mpaka mwisho. Kama shirika lako halina mtu huyo, kuanza upya si njia yako, hata fedha zikiwepo. Kuchambua kunahitaji "hapana" hiyo pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu mjadala unahusu rekebisho moja moja, na orodha yako inao ushahidi wa nani anatumia nini.

Tena si kila rekebisho ni uchafu. Lipo linalobeba kitu kinachoifanya biashara yako iwe yako: namna ya kupanga bei ambayo washindani hawana, au hesabu ya mgao ambayo imeandikwa kwenye mikataba. Hayo yalinde kwa nguvu zote. Anayekushauri uache kila kitu kwa jina la usafi hajaielewa biashara yako.

Kuhamia siku moja au kwa awamu

Uamuzi huu ni wa pekee, lakini huamuliwa kwa haraka mno. Kuhamia siku moja hukuepusha na madaraja ya muda kati ya mfumo wa zamani na mpya. Hatari yake ni kwamba kosa moja linasimamisha kila kitu kwa pamoja. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo mpya Julai 1999, programu za kampuni tatu kwa mkupuo, maagizo ya Halloween yakiwa yameanza kuingia. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikuweza kutimizwa, huku bidhaa zenyewe zikiwa zipo.

Awamu, kwa matawi au kwa moduli, hupunguza kishindo. Gharama yake ni madaraja: mauzo yako kwenye mfumo mpya, leja bado iko kwenye wa zamani, na kuna faili linalovushwa kila usiku ambalo siku moja halitavuka. Ningechagua awamu kwa matawi pale inapowezekana, na siku moja pale moduli zimefungamana kiasi kwamba daraja lenyewe lingekuwa mradi. Kuendesha mifumo miwili sambamba, kila kitu kiingizwe mara mbili, nakupendekezea kwa mishahara tu, kwa mizunguko miwili. Kwa shughuli nyingine watu huchoka, wanaacha kuingiza upande mmoja, na mnabaki na mifumo miwili isiyoaminika.

Zoezi la kuhama lifanywe kamili angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwa data halisi na saa mkononi. Hapo ndipo utajua kama ugeuzaji unachukua saa 9 au 31, na kama mwisho wa juma utatosha. Andika saa ya mwisho ya kurudi nyuma: ikifika na hesabu hazijalingana, mnarudisha mfumo wa zamani bila mjadala. Na miezi miwili kabla ya kuhama funga mlango wa marekebisho mapya kwenye mfumo wa zamani, la sivyo mnahamisha nyumba huku mtu anaongeza chumba.

Kubaki ulipo

Kuna wakati kubaki ni uamuzi wa akili: biashara inauzwa, kampuni mbili zinaungana, au watu wanaohitajika wamezama kwenye mradi mwingine. Kuna pia muda wa kununua. SAP imetangaza matunzo ya kawaida ya matoleo ya karibuni ya ECC 6.0 hadi mwisho wa 2027, na ya nyongeza kwa malipo ya ziada hadi mwisho wa 2030. Kwa Dynamics AX 2012 R3 hakuna tena muda wa kununua. Msaada uliisha Januari 2023.

Mfumo usiohudumiwa hausimami siku msaada unapoisha, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kinachotokea ni polepole: mabadiliko ya kodi mnayaandika wenyewe, na hivyo mnaongeza rekebisho jingine, mianya ya usalama inabaki wazi, hifadhidata na seva zilizo chini yake zinazeeka, na fundi aliyeujua anastaafu. Kama unabaki, weka tarehe ya kuondoka na bajeti yake, na utumie muda huo kutengeneza ile orodha.

Ningechagua vipi

Kama marekebisho yako ni machache, yako pembeni, na mengi yanatumika kweli, beba vyote na usijitafutie makuu. Kama msimbo wa ndani umebadilishwa kila mahali, data haiaminiki, na namna ya kazi yenyewe imepitwa na biashara, anza upya, kwa sharti la yule mtu wa kusema hapana. Kama orodha inaonyesha nusu ya marekebisho hayaguswi, robo yana mbadala kwenye toleo jipya, na yaliyobaki ndiyo moyo wa biashara, chambua. Hiyo ya tatu ndiyo picha ambayo orodha nyingi za mifumo ya zamani huonyesha.

Fundi yeyote utakayemwita, mkataba useme mambo matatu kabla ya bei. Msimbo atakaouandika ni mali yako na unakabidhiwa wote. Kila rekebisho linakuja na maelezo ya sababu yake, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mhasibu anaielewa. Na malipo ya mwisho yanatoka baada ya ninyi kufunga hesabu za mwezi mzima wa kwanza kwenye mfumo mpya, na zikafungika.